Kabla ya kutoa pesa wanauliza: "Kuna kuimba?" Watazamaji wetu wanapenda mchezo wa maneno au tamthilia ya muziki?

KitiChaNyuma (mwanzisha uzi, Nairobi)

Wakuu, habari za jioni.

Ijumaa iliyopita nilikaa mlangoni nikiuza tiketi za kikundi chetu. Meza ya plastiki, kitabu cha risiti, mkebe wa biskuti wa kuwekea chenji na simu ya kupokelea malipo. Mchezo wetu ni wa maneno: watu wanne, sebule moja, usiku mmoja wa matanga, na shamba ambalo marehemu hakuliachia wasia. Tumeufanyia mazoezi wiki tisa, jioni baada ya kazi.

Karibu kila aliyesimama mbele ya meza ile aliniuliza swali lile lile kabla ya kutoa pesa: "Kuna kuimba?" Hawakuuliza nani anaigiza wala mchezo unahusu nini. Mama mmoja alikuja na mabinti zake wawili wamevalia vizuri, mdogo ameshika mkono wa mkubwa. Nikamwambia hakuna kuimba. Akatazama bango, akawatazama wanawe, akasema, "Basi tutakuja siku nyingine." Nilimfuata kwa macho mpaka akavuka barabara. Hakuja Jumamosi, hakuja Jumapili.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Watu wetu wanaokwenda ukumbini wanapenda nini: mchezo wa maneno, au tamthilia ya muziki, ile ambayo wahusika wanaiimba na kuicheza hadithi yenyewe?

Nitangulize msimamo wangu. Mimi ni mtu wa maneno. Kinachonitoa nyumbani ni ile dakika ambapo mhusika ameropoka jambo asiloweza kulirudisha mdomoni, na ukumbi mzima unanyamaza kwa pamoja. Wimbo huninyang'anya dakika hiyo. Mtu amekamatwa na uongo wake, na badala ya kubaki pale aumie mbele yetu, bendi inaanza na yeye anapewa dakika nne za kupendeza.

Lakini mlango unasema vingine, na si huku kwetu tu. New York, tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera ilianza Januari 1988 ikafungwa Aprili 2023, maonyesho 13,981. Mchezo wa maneno Life with Father ulidumu pale pale Broadway kuanzia 1939 hadi 1947, maonyesho 3,224, na kwa miongo mingi baadaye hakuna mchezo wa maneno uliofika hapo. Kinachonichanganya ni London. Kule The Mousetrap wa Agatha Christie ulianza mwaka 1952, ukasimamishwa na korona Machi 2020, ukarudi mwaka uliofuata, na umeshapita maonyesho 29,000. Hakuna kuimba mle, na watu wanaingia tangu bibi zao.

Sasa nielezeni. Na anayeniambia "watu wanapenda muziki" anieleze kwa nini wanaupenda.

---

FundiSauti

Mkuu, pole kwa yule mama. Mimi ni fundi wa sauti, nimefanya kazi za pande zote mbili, kwa hiyo nitazungumzia upande ambao watazamaji hawauoni.

Tamthilia ya muziki ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Mchezo wako wa sebule moja unahitaji taa chache na waigizaji wenye vifua. Ukiongeza nyimbo kumi na mbili, kila mwimbaji anahitaji maiki yake ya shavuni. Ile maiki inabandikwa kwa plasta, waya unapita nyuma ya shingo, kisanduku chake kinafungwa kiunoni chini ya maleba. Mtu akicheza dakika kumi, jasho linaingia kwenye kisanduku na sauti inaanza kukatika. Dawa yetu ni mpira wa kondomu: unakivisha kisanduku, unafunga, jasho halipiti. Mara ya kwanza nilipotumwa dukani kununua pakiti sita kwa ajili ya kwaya, muuzaji aliniangalia sana.

Halafu kuna bendi. Vikundi vingi haviwezi kuwalipa wapiga vyombo kwa wiki nzima ya maonyesho, kwa hiyo muziki unarekodiwa na unapigwa kutoka kwenye kompyuta. Hapo ndipo yaliponikuta. Ukumbi mmoja, siutaji, jenereta lao tuliambiwa ni zima. Kipindi cha pili, katikati ya wimbo mkubwa, stima ikapotea. Jenereta halikuwaka. Muziki umekatika kwenye silabi, watu ishirini wamesimama jukwaani gizani na mikono juu.

Nilidhani tumekwisha. Kisha dada mmoja wa safu ya nyuma jukwaani akaanza kupiga makofi, polepole. Wenzake wakamfuata. Wakaumalizia ule wimbo kwa makofi na miguu peke yake, huku watazamaji wamewasha tochi za simu kuwamulika. Nimeusikia wimbo ule mara arobaini katika mazoezi na sikuwahi kuusikia hivyo. Watu walipotoka nje walikuwa bado wanauimba kwenye ngazi.

Kwa hiyo jibu langu: watu wanapenda kuimba, ndiyo. Ila sidhani wanapenda kile tunachowauzia kwa jina hilo.

---

MbeleKabisa

Mimi ni mtazamaji tu, si msanii. Nikueleze ukweli wa mlipa tiketi.

Michezo mingi ya maneno siku hizi ni mahubiri. Dakika ya tano nimeshajua nani mwovu, dakika ya ishirini ananihutubia kuhusu ufisadi, kitu nilichokisikia kwenye matatu nikija. Nikienda Sarafina, hadithi ya wanafunzi wa Soweto ni nzito kuliko mahubiri yote hayo, lakini wanaibeba kwa miili yao, nami natoka nikiwa nimelia na nimecheza. Na vichekesho vya kikundi cha Heartstrings vinajaza watu bila wimbo wowote kwa sababu waandishi wanamheshimu mtazamaji, wanajua anapotaka kucheka. Usiulaumu wimbo. Angalia maneno yenu kwanza.

---

KitiChaNyuma

Ndugu MbeleKabisa, nimekusikia na nimeumia kidogo, maana katika mchezo wetu kuna hotuba moja ya mjomba ambayo kila mara watu wanaanza kukohoa. Nitalipeleka kwa mwongozaji.

---

Pwani_Bagamoyo

Wakuu, naona mnaligawa jambo kwa kisu cha wageni. Huku Tanzania, mtazamaji wa miaka ya themanini na tisini hakuwahi kuulizwa achague.

Wakumbukeni Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na TOT, yaani Tanzania One Theatre, ya Kapteni John Komba iliyoanza 1992. Ulikuwa unalipa kiingilio kimoja, unakaa kwenye kiti cha baa au ukumbi wa vijana, na onyesho linakwenda saa nyingi: ngoma, sarakasi, kwaya, igizo, taarabu. Igizo halikuwa na muswada. Waigizaji walikubaliana kisa, mkwe na mama mkwe, mwenye nyumba na mpangaji, kisha kila mmoja anaokota maneno yake pale pale kutokana na watu walivyocheka jana. Baadaye mapazia yanafungwa, vyombo vinapangwa, na taarabu inaanza.

Na ile taarabu haikuwa kiburudisho cha kufungia tu. Khadija Kopa yuko TOT, Nasma Khamis Kidogo yuko Muungano, wanajibizana kwa mipasho. Wanawake wanainuka na noti mikononi, wanakwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti unaomhusu jirani yao, na wanahakikisha jirani ameona. Niambieni, huo ni muziki au ni mchezo wa kuigiza? Mimi naona mwigizaji mkuu pale alikuwa yule mama aliyeshika noti. Alikuwa anatembea taratibu makusudi, khanga imekazwa, macho hayaangalii jukwaa kabisa, yanaangalia meza ya tatu kulia.

Tofauti ya maneno na muziki tumeipata zaidi shuleni, kwenye vitabu. Na hata hao waandishi wetu wa vitabuni, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi kubwa ya kumrudisha mtambaji na ngoma jukwaani. Waliona kwamba mchezo unaokaa sebuleni na kuzungumza umewaacha watu wengi nje.

---

Kololo_Juu (Kampala)

Ndugu zangu, Kiswahili changu ni cha kujifunza ukubwani, mnisamehe makosa.

Kwetu Uganda swali hili lina kaburi. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa National Theatre hapa Kampala. Mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ni tamthilia ya muziki kwa Kiluganda, muziki wa Wassanyi Serukenya. Mwaka 1977 ulipelekwa Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Kawadwa aliporudi nyumbani, watu wa Amin walimchukua wakamwua.

Nimeona humu watu wanasema wimbo ni wa kupendezesha, na maneno ndiyo ya kuumiza. Utawala ule haukuona hivyo. Hotuba unaweza kuizuia isichapwe. Wimbo ukishaingia kinywani mwa watu elfu moja huwezi kuukusanya tena.

Mama yangu bado anaimba vipande vya nyimbo za michezo ya miaka ile akiwa anamenya matoke. Mazungumzo ya michezo hiyo hakumbuki hata mstari. Anakumbuka aliyeimba alisimama wapi.

---

KitiChaNyuma

Kaka wa Kampala, huna haja ya kuomba msamaha, Kiswahili chako kimenifikia. Umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kuliweka kwenye bandiko la kwanza.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikitaka, pamoja na wanakijiji, na wanakijiji ndio waliojenga jukwaa lao wenyewe, la wazi, bila paa. Ulianza 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Kwa miaka yote nimeusimulia kama mchezo wa maneno, kwa sababu niliusoma kwanza kama kitabu, na kitabuni wimbo ni mistari tu iliyosogezwa kando ya ukurasa. Uliporudi Kenya National Theatre mwaka 2022 nilikuwa ukumbini. Nusu ya mchezo ni nyimbo! Nyimbo za arusi, za kanisani, za kazi, za Mau Mau. Wazee waliokaa mbele yangu walikuwa wanajua zinakokwenda kabla hazijafika.

Na uliofuata, Maitũ Njugĩra, ulikuwa wa muziki waziwazi. Mwaka 1982 walinyimwa National Theatre, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya mazoezi, na watu walimiminika kutazama mazoezi tu, maelfu. Kisha hata mazoezi yakapigwa marufuku, na lile jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa.

Kwa hiyo ile hoja yangu kwamba wimbo unamwondolea mhusika maumivu, naanza kuona ilitoka kwenye tamthilia za Broadway nilizoziona kwenye skrini. Sijaiacha kabisa, lakini imelegea.

---

MwalimuWaDrama (Magharibi mwa Kenya)

Habari zenu. Nimewaandaa wanafunzi kwa mashindano ya drama ya shule kwa miaka mingi. Mashindano haya yapo tangu 1959, na yana mchezo wa kuigiza, ngoma za ubunifu, mashairi ya kwaya, masimulizi na mengine. Kila muhula wa kwanza natundika karatasi mbili ukutani wajiandikishe. Karatasi ya ngoma inajaa kabla ya kengele ya chakula. Ya mchezo inapata majina manne, mawili kati yao ya watoto waliokosa nafasi kwenye ngoma.

Lakini msidhani vijana hawapendi maneno. Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza tamthilia za Kiswahili zinazotahiniwa vinakuta kumbi zimefurika, watoto wamekaa mpaka madirishani. Wanaijua mistari. Mwigizaji akisita, sauti mia tatu zinammalizia. Akiongeza wimbo usiokuwamo, utasikia nyuma: "Hiyo haimo kitabuni!" Wanaogopa mtihani, ndiyo, lakini nimeziona nyuso zao. Wanafurahi kwa sababu wanakijua kinachokuja na wanataka kukisema pamoja naye.

Na kuna jambo la Aprili 2025 ambalo sisi walimu hatujalisahau. Wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye mashindano Nakuru na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Polisi walirusha vitoa machozi nje. Wasichana waliingia jukwaani bila vifaa vyao na bila watazamaji wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka.

Mchezo wote wa maneno walikataa kuuigiza katika hali ile, na walichoacha jukwaani ni wimbo ambao kila Mkenya anaujua tangu chekechea. Nilikuwa nimeuimba maelfu ya mara gwaride la Jumatatu. Jioni ile nilipowaona kwenye simu wakiuimba, nilisikia maneno yake kwa mara ya kwanza. Haki iwe ngao na mlinzi.

---

BaridiYaLondon

Salaam kutoka huku. Naomba nimsahihishe mwanzisha uzi kwa upendo. The Mousetrap una wimbo! Ni wimbo wa watoto, ule wa panya watatu vipofu. Unapigwa mluzi, na kuna wakati unasikika kwenye piano, noti moja moja, na damu inaganda. Hakuna anayeimba kwa kupendeza, lakini ukiutoa wimbo huo mchezo unabaki hoteli ya wageni na theluji.

La pili. Mwaka 2012 ukumbi wa Shakespeare's Globe hapa London uliita tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Yetu ilikuwa Wanawake wa Heri wa Windsa. Nilisimama uani, kwenye tiketi za bei ya chini, karibu kabisa na jukwaa. Aliyeigiza Falstaff, yule mhusika wa kuchekesha, alikuwa Mrisho Mpoto. Mnamjua huyu bwana: si mwimbaji, si msemaji, anaghani, sauti inapanda juu ya ngoma halafu inarudi chini kuzungumza kama mjomba barazani. Wazungu walikuwa wanapewa muhtasari wa onyesho tu kwenye skrini, si tafsiri ya kila mstari. Kushoto kwangu alikuwa bibi mmoja Mwingereza na binti yake, neno la Kiswahili hawana. Walikuwa wanacheka nusu sekunde baada yetu. Wanatusikia sisi kwanza, kisha wanamtazama Mpoto, kisha wanacheka. Mpaka mwisho walikuwa wanacheka pamoja nasi, wamejifunza mdundo wa sauti yake.

Huku huku, The Lion King iko Lyceum tangu 1999. Simba, Rafiki, Hakuna Matata, maneno yetu yanauzwa kila usiku kwa watu wasiojua ni ya nani. Pazia linapofunguka sauti ya kwanza ni Kizulu, na wanyama wanapita katikati ya viti mpaka jukwaani. Nilipeleka wanangu. Walipenda yote, lakini wanachokisimulia hadi leo ni yule tembo aliyepita karibu yao wakaweza kumgusa. Wanazijua nyimbo, ila hawakuimba. Hakuna aliyeimba. Ukiimba mle jirani yako atakugeukia.

---

DadaWaHarlem

Nyongeza fupi kwa BaridiYaLondon. Agosti 2025 nilipanga foleni Central Park tangu alfajiri, tiketi za Delacorte, ukumbi wa wazi wa bustani ile, ni za bure kwa anayengoja. Twelfth Night ya Shakespeare, Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior ni mapacha waliopotezana baharini, na baadhi ya maneno yao waliyasema kwa Kiswahili. Mchezo huu unaanza na bwana mkubwa anayewaamuru wapiga muziki waendelee kupiga. Na aliyekuwa mcheshi wa nyumba ni Moses Sumney, mwimbaji hasa, kwa hiyo kila alipofungua kinywa bustani nzima ilitulia.

Kwenye tangazo ni mchezo wa maneno. Mimi nilirudi nyumbani na vitu viwili: sauti ya Sumney, na Kiswahili cha mtu na ndugu yake, pale ambapo wengine wote walizungumza Kiingereza. Nilisema "jamani!" kwa sauti. Mtu wa mbele yangu aligeuka akatabasamu. Alikuwa amevaa beji ya bendera ya Tanzania kwenye mkoba.

---

Pwani_Bagamoyo

Wakuu, nimesoma yote na nimerudi kwenye bandiko la kwanza. Mkuu KitiChaNyuma, naomba ulisome tena swali la wale watu mlangoni.

"Kuna kuimba?"

Hawakuuliza "wanaimba?" Kiswahili kimewaruhusu wasitaje nani. Wewe ulisikia wanauliza kama waigizaji wataimba. Huenda walikuwa wanauliza kama na wao wataimba.

Fikirini ngano za bibi. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Bibi anasimulia, maneno yote ni yake, hamkatizi. Lakini wimbo wa ngano si wake. Yule msichana aliyemezwa na zimwi anapoimba, watoto wote ndio wanaoimba, kila mara anapoitwa, mpaka anatoka tumboni. Kama hatuimbi, hatoki. Nilipokuwa mdogo niliamini hivyo kabisa, na siku moja nilipata kikohozi nikalia kwa hofu kwamba atabaki mle ndani kwa ajili yangu.

Tamthilia ya muziki ya New York imempa mwigizaji wimbo na kumwachia mtazamaji makofi. Ngano ilimpa mtazamaji wimbo. Yule fundi aliyepoteza stima alisema watu waliuimba kwenye ngazi. Wanafunzi wa mwalimu wanaimalizia mistari. Yule mama wa noti kwenye taarabu. Bibi Mwingereza alijifunza kucheka kwa kuchelewa nusu sekunde. Wote hao wanatafuta mahali pao pa kuingilia.

Kwa hiyo usibandike nyimbo kwenye mchezo wako ili kuwapoza watu. Watajua. Wimbo uliobandikwa unasikika kama tangazo la biashara. Tafuta pale ambapo hadithi yenyewe haiwezi kuendelea bila wao.

---

FundiSauti

Bandiko hili nimelisoma mara mbili. Ile siku ya giza, naapa, ule wimbo haukuwa wa waigizaji tena.

---

MbeleKabisa

Naongeza Too Early for Birds hapa Nairobi, tangu 2017. Vijana wanasimulia historia ya Kenya, wengine wanaigiza, kuna muziki wa papo kwa papo, watu wanajibu kutoka vitini. Tiketi huisha. Hakuna anayeuliza ni mchezo wa aina gani.

---

KitiChaNyuma

MREJESHO, wakuu. Wiki tatu zimepita.

Nilimwonyesha mwongozaji uzi huu. Alisoma kimya, akaniuliza, "Matanga bila kuimba ni matanga gani?" Wiki tisa za mazoezi na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Mchezo mzima unatokea nyumbani kwa wafiwa, usiku, na hatukuwa tumemsikia mtu yeyote akiimba. Tulikuwa tumeandika sebule ya kitabuni.

Hatukuongeza bendi. Hotuba ya mjomba tuliikata, ndugu MbeleKabisa, imebaki mistari minne. Mahali pake, mjomba anapodai shamba ni lake, shangazi hamjibu. Anaanza wimbo wa kanisani wa mazishi, ule ambao nyote mnaujua, bila chombo, sauti ya mtu aliyelia siku tatu. Mwongozaji alimwambia dada yetu jambo moja tu: "Ukifika kwenye kiitikio, usikiimbe. Ngoja."

Ijumaa alingoja. Kimya. Nilikuwa nyuma kabisa nimeshika kitasa cha mlango, mkono umelowa. Nilihesabu mpaka nne. Nikasema moyoni tumemwaibisha. Kisha safu ya pili au ya tatu, mwanamke mmoja mzee, sauti nene, akakianza. Kisha watu kumi. Kisha ukumbi. Hawakuimba kwa nguvu, waliimba kama watu wanaoimba usiku nyumbani kwa mtu, wakijua kuna watoto wamelala chumba cha pili. Kiitikio kilipoisha, mjomba alitakiwa kusema mstari wake wa kwanza. Aliusahau. Alisimama pale amefungwa na nyumba nzima iliyoimba dhidi yake, na nakwambieni, ile ilikuwa ile dakika yangu. Ile ile ninayoitoka nyumbani kuitafuta. Nilidhani wimbo unainyang'anya.

Jumamosi hawakuimba. Watu walikuwa wengi zaidi, vijana wengi, na kile kiitikio kilipita kimya. Shangazi alisubiri, akakimalizia mwenyewe kwa sauti ya chini, na mchezo ukaendelea. Ulikuwa mchezo mwingine, wa mwanamke aliyeachwa peke yake. Bado tunabishana kikundini ni usiku upi uliokuwa bora. Mwongozaji anasema wa Jumamosi. Mimi siwezi kumkubalia.

Mlangoni bado wananiuliza, "Kuna kuimba?" Sasa nawajibu: "Mkitaka." Wengine wanacheka wanalipa, wengine wanaondoka. Yule mama na mabinti zake sijawaona tena.

Tuna maonyesho mawili yaliyobaki, Jumamosi saa kumi na mbili jioni na Jumapili saa tisa alasiri. FundiSauti, utanisamehe, hatutatumia maiki. Mnaokuja, njooni mapema mkae mbele.

---

MwalimuWaDrama

Jumapili naleta wanafunzi kumi na wawili, kwa matatu ya shule. Tuwekee safu ya tatu. Sitawaambia lolote kuhusu kile kiitikio.